Singa, Kipilipili, na Sisi Tusiotajwa

Nina ugomvi na fasihi yetu, na chanzo chake ni nywele. Najua baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni, halafu msome.

Hebu fanya jaribio dogo. Chukua riwaya tano za Kiswahili kutoka kabatini kwako, utafute ukurasa ambapo mrembo anaingia kwa mara ya kwanza. Naweka dau kwamba utakutana na macho ya kikombe, meno meupe pee yenye mwanya, shingo ndefu, vishimo mashavuni, na nywele za singa zilizomwagika mpaka mabegani. Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba wanafunzi huyakariri kwa ajili ya insha, kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Mtoto anayeandika hivyo hajamtazama msichana yeyote. Ametazama orodha. Na waandishi wetu wazima, wenye tuzo zao, wanatazama orodha ileile.

Upande wa pili wako wenye kipilipili. Kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa tusi, na waliolikomboa wakalifanya fahari nawapongeza kwa moyo wote. Lakini angalia jambo moja: singa na kipilipili zinazosifiwa zote ni nywele zilizojaa. Zimejaa kichwa, zimejaa mkono, zimejaa kitana. Sasa sisi wengine je? Sisi ambao nywele zetu ukizishika hupati kitu, ambao ngozi ya kichwa inaonekana katikati ya mistari ya msuko, ambao unywele ukifika kidole kimoja unakatika?

Saluni wana neno letu: "Dada, una nywele nyepesi." Linasemwa kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Kwenye vitabu hata neno hilo hulikuti. Vitabuni nywele zetu zina kazi moja tu, nayo ni kuwa ishara. Mhusika mwanamke akianza kupukutika nywele, basi kalogwa, kapata wazimu, kaachwa, au anakufa. Msomaji mzoefu anajua: nywele zimekwenda, msiba uko mlangoni.

Mtu ataniambia hiyo ni mbinu ya kisanaa, niache kulalamika. Nitamjibu kwa habari ya mama yangu. Miaka ya 1990, wakati ukimwi unatutisha sote, nywele kuwa laini na chache ilikuwa dalili ambayo kila jirani alijifanya daktari wa kuitambua. Mama alikuwa na nywele hizo tangu utotoni, kama bibi kabla yake, kama mimi baada yake. Hakuna aliyemuuliza. Walimtazama kichwa wakamaliza kusoma. Wateja wa vitumbua vyake wakapungua mmoja mmoja. Leo ana miaka 71, yuko Tanga, anakula na kucheka, na nywele zake ni zilezile. Kwa hiyo mwandishi akiniambia nywele za mhusika wake "ni ishara tu", namuomba afikirie nani analipa gharama ya ishara hiyo nje ya kitabu.

Mwanamume mwenye upara anadhaniwa ana pesa au busara, na akikosa vyote viwili bado anaitwa mzee. Mwanamke mwenye nywele chache anapewa pole, anapewa dawa, au anapewa utani. Komwe. Uwanja wa ndege. Machi 2022, kwenye jukwaa la Oscar, mchekeshaji alimtania Jada Pinkett Smith kuhusu kichwa chake kilichonyolewa, wakati mama huyo alikuwa ameshasema hadharani kwamba anapoteza nywele. Mumewe akapanda jukwaani akapiga kofi. Dunia nzima ikajadili kofi kwa wiki kadhaa. Utani wenyewe haukujadiliwa hivyo, kwa sababu wengi waliuona wa kawaida.

Nirudi kwenye vitabu. Zaidi ya miaka 160 iliyopita Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Miongoni mwa mambo anayomuusia ni kujipamba: kufunga nywele, kutunga yasmini. Sina ugomvi na mama huyo, alikuwa anampa mwanawe silaha alizokuwa nazo. Naonyesha tu kwamba hata pale zipo nywele za kutosha kufungwa. Mimi kikuba cha yasmini kikibandikwa kichwani kinateleza, maana hakina pa kushika. Sijakutana na utendi unaomuusia binti wa namna yangu.

Mtasema fasihi mpya imesharekebisha. Haya, tuitazame. Kitabu ambacho kila mpenzi wa fasihi hutaja nywele zikitajwa ni Americanah cha Chimamanda Ngozi Adichie, cha mwaka 2013. Nakipenda. Ndani yake Ifemelu anaweka dawa ili apate kazi Marekani, kichwa kinaungua, nywele za pembeni zinaanza kukatika, na rafiki yake Mkenya, Wambui, anamshauri azikate zote. Anazikata. Mwanzoni anajichukia, kisha zinaota, anazipenda, anakuwa huru. Ni simulizi nzuri na ya kweli kwa wengi. Lakini tangu hapo nimesoma simulizi hiyohiyo mara mia, kwenye hadithi fupi, makala na kumbukumbu za kila aina: mwanamke alikosea, alitia dawa, nywele zikamwadhibu, akatubu, akaacha dawa, nywele zikarudi kibao. Dhambi, toba, wokovu.

Nauliza: zisiporudi? Sijawahi kutia dawa maishani mwangu. Nywele zangu ni za asili kuliko za wanaonihubiria asili. Na bado ni nyepesi. Katika simulizi hiyo sina nafasi, maana sina dhambi ya kutubia na sina afro ya kuonyesha mwishoni. Tulipindua utawala wa singa tukamkabidhi kiti mtawala mwingine, naye pia anadai nywele nyingi.

Hadithi hii ya kosa na adhabu imewapitia hata madaktari. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi wanaopoteza nywele katikati ya utosi, upotevu unaoacha kovu. Wakaupa ugonjwa jina la kitana cha moto. Yaani mgonjwa ameshahukumiwa kwenye jina. Baadaye ikaonekana kuwa wengi walio na hali hiyo hawakuwa watumiaji wa kitana hicho, na mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kwamba baadhi yao wana mabadiliko kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuujenga unywele wenyewe. Miaka 51 tangu jina lile, na wanawake wangapi katikati walijilaumu?

Sisemi kwamba tunachokifanyia kichwa hakina madhara. Kina. Tuna methali yetu: ukitaka uzuri, sharti udhurike. Naomba tuizike. Msuko unaovuta unang'oa nywele za kipaji na za pembeni, na hilo halina rangi: mwanzoni mwa karne iliyopita liliandikwa kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza. Likigunduliwa mapema nywele hurudi. Likiachwa miaka, kovu hubaki na shina hufa. Vile vipele vidogo baada ya kusuka rasta, yale maumivu ya usiku wa kwanza ambayo tunameza panadoli tukacheka, ndiyo onyo lenyewe.

Na kwa kuwa wengi mnaniuliza faragha, niseme nifanyavyo. Unywele wetu hujikunja, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Mafuta ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye mikunjo, ndiyo maana ncha hukauka. Basi mimi hupaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha, maana hupenya ndani ya unywele na kupunguza unachopoteza majini. Hutumia vidole kwanza na chanuo pana baadaye, nywele zikiwa na unyevu. Hulala na kitambaa cha satini. Sisuki kwa kukaza, na siongezi uzito wa nywele bandia. Kwa kawaida nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, basi anayekuahidi shungi kwa wiki mbili anataka pesa yako. Maji ya karafuu, ya mchele, ya kitunguu, nimeona yote yakisifiwa. Mimi nimenusa vya kutosha. Kama nywele zinatoka ghafla, hesabu nyuma miezi miwili mpaka minne: homa kali, uzazi, kukonda haraka. Pima damu, pima tezi. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Wapo, na KCMC pale Moshi kuna kituo kinachofundisha fani hiyo.

Haya yote nayajua na nayafanya, na nywele zangu bado ni nyepesi. Hapa ndipo fasihi ilipaswa kunipokea, kwa sababu dawa ina mwisho wake. Nani ameandika jinsi inavyokuwa? Kuzihesabu kwenye kitana asubuhi na kujidanganya kwamba jana zilikuwa nyingi zaidi. Kuchagua kiti chini ya feni au mbali na feni. Kukataa kupigwa picha na mtu mrefu. Msusi kumwita mwenzake aje aone. Ile aibu, na juu yake aibu nyingine ya kuona aibu kwa jambo dogo hivyo. Miaka yangu ya sekondari, shule ya serikali, wasichana wote tulinyolewa. Wenzangu walililia nywele zao. Mimi nilipumzika. Kwa miaka minne hakuna aliyejua. Amri ile ilikuwa ya kibabe na siitetei, lakini hebu fikirieni: binti anayejisikia huru pale tu wengine wote wamenyang'anywa. Hiyo ni riwaya nzima, na hakuna aliyeiandika.

Kuna wanaoniambia, "Si uvae tu ushungi?" Nauvaa. Nauvaa kwa ajili ya Mungu wangu, na haukuwekwa ili uwe kificho cha maradhi. Tena wanaosema hivyo hawajaingia kwenye shughuli zetu za ndani, siku ya kumpamba bi harusi, wanawake watupu, shungi zimevuliwa, na kila jicho linapima kichwa cha mwenzake. Wenye macho makali zaidi ni sisi kwa sisi.

Na kuna wanaosema dunia ina njaa na vita, mwandishi akiandika nywele anapoteza wino. Kha! Wino wa singa haukupotea? Karne nzima ya mabega yaliyomwagikiwa nywele haikuwa upotevu, ila zikija nywele za mama yangu ndipo wino unakuwa ghali? Kama nywele ni jambo dogo, basi mwacheni mrembo wenu aingie ukurasani bila kutajwa nywele. Hamwezi, kwa sababu mnajua si jambo dogo. Mnajua ndizo za kwanza kutazamwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Waandishi, niandikieni mwanamke mwenye nywele nyepesi anayegombea ubunge, anayeiba fedha za kikundi, anayependwa na mtu mjinga, anayeshinda kesi ya shamba. Nywele zake zitajwe kama mnavyotaja viatu vyake. Zisitabiri kifo chake, zisimtibu, na tafadhali zisiote kwenye sura ya mwisho. Wahariri, mkikuta "nywele za singa" kwenye muswada, kateni, kisha muulizeni mwandishi aliona nini hasa.

Na wewe msomaji uliyekaa kati ya magoti ya msusi, simu mkononi, ukisoma haya huku kipaji kinavutwa mpaka nyusi zinapanda: mwambie alegeze. Akikuambia vumilia dada, uzuri una gharama, inuka. Msuko nusu kichwa unafunikika kwa kitenge mpaka nyumbani.