Makaa Yanayopasha Joto Anga la Ulaanbaatar

Hakuna mji mkuu duniani wenye baridi kuliko Ulaanbaatar. Usiku wa Januari kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na msimu wa kupasha nyumba joto huanza Septemba ukaishia Mei.

Mwaka 1989 mji huu wa Mongolia ulikuwa na watu wapatao nusu milioni. Leo wamezidi milioni 1.6, karibu nusu ya raia wote wa nchi. Miongoni mwa waliohamia wamo wafugaji wengi waliofilisiwa na dzud, majira ya baridi kali yanayoua mifugo kwa njaa na theluji. Dzud ya 2023 hadi 2024 iliangamiza wanyama zaidi ya milioni 7. Aliyebaki mikono mitupu hupakia ger, hema lake la duara, akalisimika kwenye vilima vya pembezoni. Mwaka 2017 manispaa ilizuia wahamiaji kujisajili. Waliendelea kuja.

Ger si hema la kudharauliwa. Sufu ya kondoo iliyoshindiliwa imewakinga wahamaji kwa karne nyingi. Taabu kubwa iko kwenye vijumba vya mbao na matofali ambavyo watu hujijengea kando yake, vingi bila chochote darini wala sakafuni cha kuzuia joto lisitoroke. Humo jiko hula makaa ya mawe mchana kutwa na usiku kucha, na moshi hutuama bondeni kwa kuwa milima imeuzunguka mji.

Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku makaa ghafi, ikaleta yaliyosafishwa na kushindiliwa. Moshi ulipungua kweli, lakini baridi ilipoingia baadhi ya watu walifariki kwa sumu ya kaboni monoksidi. Serikali ilianzia jikoni wakati ilipaswa kuanzia ukutani. UNICEF na washirika wake walishaonyesha njia nyingine: kuiongezea ger matabaka ya kuhifadhi joto, kisha kuweka hita ya umeme mahali pa jiko.

Wakazi wa maghorofa ya zege ya enzi za Kisovieti wana kichekesho chao. Joto huwafikia kwa mabomba ya maji moto kutoka mitambo ya umeme, nayo pia huchoma makaa, na wengi hulipia ukubwa wa fleti, si joto walilotumia. Chumba kikizidi joto, dirisha hufunguliwa, hata kama nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Ankara haibadiliki, nani atahangaika kuziba nyufa?

Ruzuku ambayo serikali hutoa kwa makaa yaliyosafishwa huteketea kila mwaka na mwaka unaofuata hudaiwa tena. Dari iliyozibwa vizuri hulipiwa mara moja. Serikali ya Mongolia ihamishie sehemu ya ruzuku hiyo kwenye dari, kuta na sakafu za vijumba vya vilimani, na kila fleti ifungiwe mita ya joto.