CHANGO, CHANGO, CHANGO! (Sehemu ya 6)

Wamama, leo nagombana na nyie, na wenzangu wa kazini pia.

Mtoto kazaliwa, siku mbili zimepita hajapata kile choo cheusi cha kwanza. Tumbo limejaa kama ngoma, anatapika kijani. Mnasema ni chango! Bibi anachonga kipande cha sabuni, choo kinatoka, watu wanashangilia. Kesho tena sabuni. Jamani, sabuni haioteshi neva!

Kuna watoto wanazaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo haina seli za neva za kusukuma choo. Unaitwa ugonjwa wa Hirschsprung, kama mtoto 1 kati ya 5,000. Eksirei inaweza kutia shaka, ila uhakika unatoka kwenye kinyama.

Na hapo ndipo mnapokimbia, eti "wanataka kumkata mwanangu". Ni kipande kidogo mno, kinatolewa ndani ya njia ya haja, juu ya pale penye hisia za maumivu. Maabara wanakipaka rangi ya zambarau na waridi, wanazitafuta seli kwa hadubini. Ipo na rangi ya kalretinini: utumbo wenye afya unaonyesha vinyuzi vya kahawia, wenye ugonjwa hauonyeshi.

Manesi wenzangu, ulizeni choo cha kwanza kilitoka lini. Mimi sikuuliza, nikamrudisha mmoja nyumbani. Alirudi na homa, anaharisha maji yanayonuka vibaya, tumbo gumu.

Mama, kinyama kikichukuliwa, dai majibu ya maandishi: seli zimeonekana, hazijaonekana, au kipande hakikutosha. Kama hakikutosha, kinachukuliwa kingine. Usikubali kuambiwa "tusubiri tuone".