Anayesema Ni Nani, na Anadai Nini?

Toleo hili tumelielekeza kwa walimu wa mwaka wa saba na wa nane, hapa Mutshatsha na kote Lualaba. Katika miaka hiyo miwili mtoto aliyetoka shule ya msingi hutakiwa kuchambua hadithi na kutetea hoja kwa maandishi, tena kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hawaisikii nyumbani wala sokoni. Matokeo yake tunayajua: anakariri. Ukimuuliza dhamira, anakurudishia sentensi iliyokuwa ubaoni wiki iliyopita.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia na pia somo. Basi tunasema: vipengele vya fasihi na uandishi wa hoja vianzie kwenye Kiswahili, na vifundishwe pamoja.

Pamoja, kwa sababu vyote viwili vinaanza na swali moja: anayesema ni nani? Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, maboi. Mji ni uleule wa Wabelgiji na kampuni ya madini, ila msimulizi anautazama kutoka upande wa jikoni. Mpe mwanafunzi tukio moja la mtumishi na bwana wake, alisimulie mara mbili, kwanza kwa nafsi ya mtumishi, kisha kwa nafsi ya bwana. Ataona mwenyewe kwamba wahusika na mandhari havikubadilika, lakini dhamira imegeuka. Hapo ameshaelewa pia kwa nini ushahidi hupimwa kwa kumtazama anayeutoa.

Sasa tuje kwenye uandishi wa hoja, tumuulize mwanafunzi: je, mtoto aache shule akaoshe madini? Wengi huandika, “Si vizuri, kwa sababu ni vibaya.” Hilo ni dai linalojizungusha. Sababu ni, kwa mfano, kwamba mashimo ya madini huporomoka. Ushahidi ni kile alichokiona au alichokihakikisha kwa watu walioona. Kisha ije hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito: fedha za madini ndizo zinazonunua unga na madaftari ya wadogo zake. Mwalimu, tafadhali usiivuke haraka. Insha inaanzia hapo hasa, pale mtoto anapolazimika kumjibu mama mwenye hoja hiyo bila kumdharau.

Tutaambiwa mitihani ni ya Kifaransa, kwa hiyo tunawachelewesha watoto. Hapana. Anayeweza kutenganisha dai na ushahidi amebakiwa na kazi ya kutafuta maneno. Asiyeweza, hata Kifaransa kizuri hakitamwokoa. Wengine watasema Kiswahili chetu cha Katanga si sanifu. Yav aliandika kwa hichohicho, na mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akayachapisha maandishi yale kitabuni, pamoja na tafsiri, kama historia ya kusomwa na wataalamu.

Kurasa zinazofuata zina mazoezi ya kutumiwa hata katika darasa lisilo na vitabu. Yajaribuni, kisha tuleteeni insha za wanafunzi jinsi walivyoziandika, makosa ya tahajia yakiwamo. Tutakazozichagua zitatoka katika toleo lijalo, na kila moja itapewa jibu la mwanafunzi mwingine anayeipinga.