BETRI IKIFA, DEREVA ASIKATWE MSHAHARA

Ndugu wanachama,

Novemba 2023 mto Tana ulifurika ukafunika barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Gamba. Maji hukauka, lakini kutu hubaki katika maungio ya waya za gari. Kila asubuhi betri imekufa, na dereva huambiwa, "Uliacha taa!"

Sisi twasema: kwanza ipimwe. Gari lizimwe, mita iwekwe kati ya betri na waya wake, fyuzi zitolewe moja moja. Mita ikishuka, hapo ndipo umeme unapovuja.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu tajiri kukata mshahara kwa uharibifu wa makusudi. Kutu si makusudi. Ndugu, usitie sahihi kabla ya kipimo.