Mashamba Mawili ya Msambaa

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale ambao wazazi wao walitoka Bungu, Vuga au Bumbuli, na leo riziki yako iko kiwandani au ofisini, Tanga au Dar es Salaam. Siku moja habari hufika kutoka nyumbani: mzee hayupo tena, ardhi imegawanywa, nawe waulizwa kama kipande chako utakiuza. Wengi hukubali upesi. Kabla hujatia kidole gumba, yafaa ujue kipande hicho kilikuwa na maana gani kwa waliokuachia.

Wasambaa wa zamani waliigawa dunia yao sehemu mbili. Juu ilikuwa Shambaai, nchi ya baridi, ukungu na mvua; chini ilikuwa nyika, nchi ya jua kali na homa. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, wala hilo halikuwa jambo la bahati. Mtu aliyekaa ukingoni aliweza kulima migomba juu na nafaka chini. Ukame ulipounguza mazao ya nyika, migomba ya mlimani ilimlisha. Na migomba ilipoharibika, nyika haikumtupa. Mashamba mawili yalikuwa ghala mbili, na njaa ilipaswa kuzivunja zote kabla haijamwingia mtu nyumbani.

Katika nchi hiyo ndimo alimofika Mbega, mwindaji kutoka Nguu, ambaye simulizi husema alifukuzwa na jamaa zake kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, naye akahesabiwa kuwa kigego. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Baada ya kuua simba alikubaliwa kuwa mtawala, na makao yake yakawa Vuga. Ndio mwanzo wa enzi ya Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi aliiandikia kitabu cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mfalme hakupokea kodi bure. Watu walimtarajia aiponye nchi, jambo ambalo Kisambaa hukiita kuzifya shi. Aliyekuwa na nguvu bila mpinzani aliaminiwa kuleta mvua. Wawili waliposhindana, mvua ilikatika na nchi ikaharibika, yaani kubana shi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa Wasambaa zizi hilo lilikuwa tumbo la kila mtu.

Historia ilithibitisha hofu hiyo. Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa miaka mingi, hata mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848 akaikuta dola kubwa, iliyofika pwani. Alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vuga. Lakini mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, nyikani, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Aliye mlimani alikuwa na mvua, aliye chini akawa na baruti. Vita vikaenea, Wabondei wakaasi, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Wajerumani walipokuja waliikuta nchi imekwisha kupasuka.

Serikali ya Waingereza nayo ilileta uponyaji wake. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara: watu wakalazimishwa kulima matuta. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini wakulima waliona jambo jingine. Desturi ilimruhusu mwenye mashamba mengi kumwazima jirani asiye nayo. Nani angeazima shamba ambalo amelitolea jasho la matuta? Asiye na ardhi angebaki mikono mitupu. Aidha, mzigo mkubwa wa kazi uliwaangukia akina mama, ambao ndio waliolisha nyumba. Watu wakagoma, TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ikapata wafuasi wengi milimani, na kabla ya Uhuru mpango huo ukaachwa.

Basi ndugu msomaji, usidhani nakutaka urudi kwenye enzi za wafalme. Ninalokuomba ni dogo. Watu wameongezeka, mashamba yamekatwakatwa, na mwenye kipande cha juu mara nyingi hana tena cha chini. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza pia: nani analima pale sasa? Je, ni shangazi, au mjane wa ndugu yako, ambaye kipande hicho ndicho ghala yake ya pili? Kama ndivyo, kumwachia alime ni desturi kongwe kuliko hati yoyote. Wapeleke watoto wako wakasimame ukingoni, watazame mlima nyuma yao na nyika mbele yao. Kisha waulize wao kama wangeuza.