Wenye Mlima Walipwe

Na Zuhura Mkude

Morogoro inakua kwa kasi, na inakua kuelekea tambarare. Ukitoka Msamvu ukashika njia ya Kihonda mpaka Mkundi, mashamba ya mahindi ya juzi leo ni mapaa ya bati na maduka ya vifaa vya ujenzi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 315,866 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kutoka Dar es Salaam, safari ya saa mbili hivi. Heri yetu. Ila katika kukua huku tumeupa mlima kisogo.

Mawingu ya Bahari ya Hindi yanagonga Uluguru, milima inayopita mita 2,600, yanamwaga mvua, nayo inatushukia kwa Mto Morogoro, Mzinga na Ngerengere. Bwawa la Mindu, tunakopata sehemu kubwa ya maji ya bomba, linalishwa na Ngerengere. Upande wa mashariki unashuka Ruvu, na Dar es Salaam nzima inaujua utamu wake. Sasa Mindu linajaa tope. Wapo wanaolima na kuchunga kandokando ya bwawa lenyewe, hilo tusilifiche. Lakini udongo mwingine unatoka kwenye miteremko iliyolimwa bila kinga.

Kila tope likizidi, nasikia wito uleule: wakulima wa mlimani waondolewe, wapigwe faini. Wanaosema hivyo wamesahau yaliyotokea Matombo, hukohuko Uluguru. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichoka kufanyishwa kazi ya shuruti kwenye ardhi yao wenyewe, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Nusu karne baadaye, Kibungo Juu, mlima huohuo, wakulima walichimba matuta ya aina hiyohiyo kwa hiari. Tofauti ilikuwa malipo: katika mradi wa CARE na WWF, watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakiwamo DAWASCO waliokuwa wakisambaza maji Dar es Salaam, walichangia fedha za kuwalipa wakulima waliotunza udongo na kupanda miti.

Nasi manispaa tuige. Sehemu ndogo ya kila ankara ya maji, yangu ikiwa ya kwanza, itengwe kwa ajili ya kaya za mlimani kwetu, za Choma, Ruvuma na wengine wote wanaolima juu ya vyanzo vyetu. Mkulima anayeacha kulima hatua kadhaa kandokando ya kijito anapoteza mboga na ndizi za kuuza. Kwa nini hasara hiyo aibebe peke yake ilhali maji tunakunywa sote?

Na fedha hizo zisiishie kwa wanaume wa vikao. Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Yule mama anayeshuka alfajiri na tenga kichwani kwenda Soko la Chifu Kingalu, mara nyingi ndiye mwenye haki na shamba lile la mteremkoni. Bila yeye hakuna makubaliano yatakayodumu. Kabla madiwani hawajapitisha bajeti ijayo, wapande mlimani wakamsikilize huko kwake, awatajie mwenyewe kiasi kinachomtosha.