Mchezo Wenye Kiasi Si Maradhi

Shirika la Afya Duniani, lilipoidhinisha mwaka 2019 orodha mpya ya maradhi iliyoanza kutumika 2022, halikuilaani michezo ya video, bali lilihesabu kuwa ni maradhi pale mtu anaposhindwa kujizuia, akautanguliza mchezo mbele ya shughuli zake zote, na akaendelea nao hali madhara yamekwisha kudhihirika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Basi si insafu kumlaumu kijana ambaye, akiisha kutimiza wajibu wake, hukaa na sahibu zake wakashindana kandanda kwenye skrini, kama wazee wao walivyoshindana bao barazani. Kwani nafsi nayo ina haki ya kuburudika. Sisi wazazi tutazame kwanza kama analala, anakula na anasoma, ndipo tuhukumu.